Kidimbwi cha ‘chumvi tu’ kina klorini, na anayekitunza anastahili glavu

Likizo za shule zikikaribia, matangazo ya nyumba za kukodisha humiminika kwenye simu zetu. Nyali, Shanzu, Kikambala, Watamu, Diani: vyumba vitatu vya kulala, upepo wa bahari, jenereta stima ikipotea. Siku hizi imeongezeka sifa moja mpya, nayo huandikwa kwa herufi kubwa: kidimbwi cha maji ya chumvi, hakina kemikali. Familia za bara huvutiwa. Na sisi wenyeji, tunapotafuta mahali pa kupeleka watoto siku ya Idi au kupumzika baada ya shughuli za harusi, huona hapo ndipo penye afya.

Mimi pia nilikuwa nikiyaamini maneno hayo, hadi siku mwana wa ndugu yangu alipoletwa nyumbani akikohoa kama mzee wa miaka themanini. Ni kijana wa miaka ishirini na tatu, kibarua wa kutunza kidimbwi cha nyumba moja ya wageni kaskazini mwa Mombasa. Siku hiyo alitumwa kutia asidi majini. Akachukua ndoo aliyoikuta kwenye chumba cha pampu, akamimina asidi ndani yake. Hakujua kwamba chini ya ndoo ile kulikuwa na mabaki ya unga wa klorini. Ghafla ukapanda moshi wa manjano uliochanganyika na kijani, koo likambana, macho yakawaka moto. Alitoka mbio akaanguka uwanjani. Hospitalini akawekewa oksijeni na, alhamdulillahi, akapona.

Alipopata nafuu nilimwuliza kwa nini hakuvaa glavu wala barakoa. Akanijibu: “Ami, tuliambiwa hiki ni cha chumvi, hakina dawa. Glavu za nini?”

Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Neno moja la tangazo, lililotungwa kumvutia mgeni, lilikuwa limesafiri hadi chumba cha pampu na kugeuka kuwa kanuni ya usalama kazini. Kwa vile kidimbwi “hakina kemikali”, basi hakuna mafunzo, hakuna glavu, wala ndoo za asidi na za klorini hazitengwi. Tunahitaji kuelewa vidimbwi hivi hufanya kazi vipi, kwa sababu kutoelewa kwetu kuna watu wanaokulipia.

Chumvi inafanya kazi gani humo ndani

Tuanze na la msingi. Kidimbwi cha chumvi ni kidimbwi cha klorini. Tofauti yake na kile tulichokizoea ni mahali klorini inapotoka. Kwenye kidimbwi cha kawaida, mtunzaji hununua klorini ikiwa unga, vidonge au maji, kisha akaitia kwa mkono au kwa mashine. Kwenye kidimbwi cha chumvi, klorini hutengenezwa papo hapo kutokana na chumvi iliyoyeyushwa majini.

Chumvi tunayotia kwenye mchuzi ni sodiamu na klorini zilizoungana. Ikiwa ndani ya chumvi, klorini hiyo imetulia. Pampu husukuma maji ya kidimbwi yakapita kwenye kichujio, kisha kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita seli. Ndani ya seli mna vibamba vya titani, na mkondo wa stima hupitishwa kati yake. Upande mmoja, stima huitoa klorini kutoka kwenye chumvi. Upande wa pili, hutoa gesi ya haidrojeni kutoka kwenye maji. Klorini ile huchanganyika na maji hapo hapo ikawa dawa ya kuua viini, na maji yanarudi kidimbwini yakiwa nayo.

Dawa hiyo si ngeni kwetu. Ni jamaa ya ile inayouzwa dukani kwenye chupa za kung’arishia nguo nyeupe, na ile tunayogawiwa ya kutia kwenye maji ya kunywa kipindupindu kinapozuka. Kwa hivyo mtu anayesema amekimbia klorini kwa kuingia kidimbwi cha chumvi ni sawa na aliyekataa mkate wa dukani, akaenda kuununua kwenye tanuri unakookwa.

Klorini ikishafanya kazi yake, au ikishavunjwa na jua, sehemu yake kubwa hurudi katika hali ya chumvi, ikapita tena kwenye seli, mzunguko ukaendelea. Ndiyo maana chumvi haiishi haraka. Hupungua pale maji yanapotoka: yakirushwa na waogeleaji, yakivuja, yakifurika wakati wa masika, au yakimwagwa kichujio kinaposafishwa. Jua likiyakausha maji, chumvi hubaki.

Si maji ya bahari

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni kwamba kidimbwi cha chumvi ni kipande cha bahari kilicholetwa uani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Vidimbwi vingi vya chumvi vina gramu 3 hadi 4 tu kwa lita, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Machozi yetu yana chumvi zaidi ya hapo, karibu gramu 9 kwa lita, sawa na maji ya dripu hospitalini. Wengi wakionja maji ya kidimbwi hicho huhisi chumvi kidogo sana, au wasiihisi kabisa.

Chukua kidimbwi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5. Kina maji lita 75,000. Kukitia chumvi gramu 3.5 kwa lita ni kilo 262 hivi, yaani magunia matano ya kilo hamsini na kidogo juu. Ungetaka kiwe kama bahari ungehitaji zaidi ya kilo 2,600. Na klorini inayohitajika kuyalinda maji hayo yote kwa wakati mmoja, ikiwa ni miligramu 2 kwa lita, ni gramu 150 tu. Kazi ngumu ni kuhakikisha hizo gramu 150 zipo kila wakati, kwa sababu jua, jasho na watoto huzimaliza saa kwa saa.

Bahari ina jambo jingine ambalo kidimbwi hakina: kupwa na kujaa. Mara mbili kila siku maji huja yakaondoka, na wakati wa bamvua husafisha ufuo wote. Maji ya kidimbwi ni yale yale ya jana na ya juzi. Wazee wetu walilijua hilo vizuri. Kwenye mabirika ya nyumba na misikiti ya zamani waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, kwa sababu walijua kwamba maji yaliyosimama lazima yawe na mlinzi.

Chumvi yenyewe haiui viini

Dhana ya pili inatoka jikoni kwetu. Sisi ni watu wa ng’onda na papa mkavu. Tumekulia kwenye nyumba ambazo samaki hutiwa chumvi akaanikwa, na asioze kwa wiki nyingi. Basi mtu husema: ikiwa chumvi humhifadhi samaki, itashindwaje na maji?

Jibu ni kipimo. Samaki hupakwa chumvi kwa konzi, ikamnyonya unyevu wote, na jua likamalizia. Gramu tatu na nusu kwenye lita nzima ya maji hazimsumbui mdudu. Hata viini vya kipindupindu huishi bila shida kwenye maji ya chumvi kidogo, kama yale ya midomo ya mito inapokutana na bahari. Kinacholinda kidimbwi ni klorini. Seli ikizimika, au ikichakaa, yale maji yanabaki kuwa maji ya chumvichumvi yenye joto zuri, ambamo watu wameoga. Hapo viini huzaana wapendavyo.

Tena hata klorini ina mipaka yake. Ikiwa katika kiwango kinachofaa, bakteria wengi wa tumboni hufa kwa muda mfupi sana, wengine chini ya dakika moja. Lakini kuna kijidudu kinachoitwa kriptosporidia, kinacholeta kuharisha, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku saba kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Kwa hivyo mtoto anayeharisha asiingizwe kidimbwini, kiwe cha chumvi au kisiwe.

Harufu kali na macho mekundu

Utasikia watu wakisema: “Kile cha klorini kilinuka, macho yakawa mekundu. Hiki cha chumvi hakinuki.” Wanalosema linaweza kuwa kweli, lakini sababu wanayoitoa siyo.

Harufu ile kali ya vidimbwi hutokana na kitu kiitwacho kloramini, kinachotokea klorini inapokutana na mkojo, jasho na mafuta ya mwilini. Kidimbwi kinachonuka sana mara nyingi si kwamba kina dawa nyingi, bali dawa yake imechoka na uchafu umeizidi nguvu. Kidimbwi cha chumvi kikitunzwa vizuri hunuka kidogo kwa sababu seli hutoa dawa polepole bila kukatiza, na uchafu haupati nafasi ya kurundikana. Kikitunzwa vibaya kitanuka na kuwasha macho kama kingine chochote.

Hapa kila mtu ana sehemu yake. Kuoga kabla ya kuingia na kuwatoa watoto waende msalani kila baada ya muda ni msaada mkubwa kwa maji kuliko gunia la chumvi.

“Kinajitunza chenyewe”

Dhana hii ndiyo hupenda kuuzwa na mafundi wanaofunga mitambo, na ndiyo inayowaponza wenye nyumba. Kidimbwi cha chumvi humpunguzia mtunzaji kazi ya kubeba na kupima klorini kila siku. Hakimwondolei kazi ya kupima maji. Na hapa Pwani kuna mambo manne yanayokifanya kihitaji jicho zaidi.

La kwanza ni stima. Seli hutengeneza klorini wakati pampu inazunguka na stima inapita. Stima ikikatika, kiwanda kimefungwa. Tunakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani kwa saa nyingi. Wenye nyumba wengi wana jenereta ya taa na friji, si ya pampu. Siku mbili bila stima, mchana jua linawaka, watoto wamo majini: klorini itakuwa imekwisha hata kama mtambo ni wa bei ghali. Mtunzaji anahitaji kuwa na klorini ya kawaida ya akiba, na ndiyo maana hata nyumba za “chumvi tu” huwa na unga wa klorini umefichwa mahali. Ndio uliokuwa kwenye ile ndoo.

La pili ni jua letu. Miale ya jua huivunja klorini iliyo majini, na kidimbwi cha wazi kinaweza kupoteza sehemu kubwa ya klorini yake kwa saa chache. Kwa hivyo hutiwa dawa nyingine ya kuikinga, asidi ya sianuriki, ambayo mafundi huiita stebilaiza. Ikizidi nayo huifanya klorini kuwa nzito kufanya kazi. Hiyo ni kemikali nyingine ndani ya kidimbwi kisichokuwa na kemikali.

La tatu ni pH, kipimo kinachoonyesha kama maji yameelekea upande wa asidi au wa magadi. Kidimbwi kinatakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Jinsi seli inavyofanya kazi, pH ya kidimbwi cha chumvi huelekea kupanda kila mara. Maji yakiwa kwenye 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali yake kali ya kuua viini. Yakifika 8, ni kama robo tu. Unaweza kupima ukaona klorini ipo, kumbe imelala. Dawa ya kuishusha pH ni asidi ya haidrokloriki. Kwa maneno mengine, kidimbwi cha chumvi kwa kawaida huhitaji asidi mara kwa mara, na mtu wa kuimimina.

La nne ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hiyo hujenga utando mgumu mweupe kwenye vibamba vya seli, kama ule unaoganda ndani ya birika la kuchemshia chai. Seli iliyofunikwa hutoa klorini kidogo huku taa ya mtambo ikiendelea kuwaka kijani. Kuisafisha ni kwa asidi iliyopunguzwa nguvu kwa maji. Na hata ikitunzwa, seli huchakaa baada ya miaka kadhaa ikahitaji kubadilishwa, na bei yake si ya mchezo. Mwenye nyumba ambaye hakuambiwa hilo mapema huishi na seli mbovu msimu mzima, wageni wakiingia na kutoka.

Chumvi haimwelezi mtoto

Kuna imani moja niliyoisikia kwa wazazi ambayo inanitia hofu kuliko zote: kwamba kwenye maji ya chumvi mtoto huelea, kwa hivyo hawezi kuzama upesi. Imani hii inatokana na habari za Bahari ya Chumvi kule Jordan na Israeli, ambako mtu hulala juu ya maji akasoma gazeti. Maji yale yana chumvi takriban mara kumi ya bahari yetu, na bahari yetu ina mara kumi ya kidimbwi. Kwa kuelea, kidimbwi cha chumvi hakina tofauti ya maana na maji ya mfereji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto huzama kimya, kwa dakika chache, mara nyingi watu wazima wakiwa karibu wakizungumza. Ua lenye lango linalojifunga na mtu mzima mmoja asiyeshika simu ndiyo kinga. Chumvi haimo kwenye hesabu hiyo.

Faida zake ni za kweli

Nisieleweke kwamba navipiga vita vidimbwi hivi. Australia vimeenea majumbani kwa miongo kadhaa na watu wanavipenda, kwa sababu nzuri. Klorini hutoka kidogo kidogo badala ya kumwagwa kwa wingi mara moja. Maji huwa laini kwenye ngozi. Mapipa ya klorini yanayohitaji kubebwa kwa lori na kurundikwa stoo huwa machache, na hiyo peke yake ni nafuu kwa mtunzaji. Mwenye hoteli anayefunga mtambo mzuri, akaajiri mtu aliyefunzwa na kupima maji kila siku, anafanya jambo la maana.

Ninachokipinga ni neno “hakina kemikali”. Kidimbwi hicho kina klorini, kina asidi, mara nyingi kina stebilaiza. Ndani ya seli kuna hata haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikikusanyika. Mitambo huwa na kihisio kinachozima seli maji yasipopita, na fundi anayekiruka kihisio hicho ili “mtambo usisumbue” anaacha hatari ndani ya bomba. Kipya kinyemi, wahenga walisema, lakini waliongeza: ingawa kidonda.

Maji yakitoka yanakwenda wapi

Kuna mwingine anayelipa bila kujua, naye ni jirani. Kichujio kikisafishwa, maji mengi humwagwa. Kidimbwi kikimwagwa chote ili kurekebishwa, ni maelfu ya lita. Mahali pengi maji hayo huelekezwa nyuma ya ukuta, kwenye shimo au mchangani.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoleta ladha, ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita watu huanza kuihisi mdomoni. Maji ya kidimbwi cha gramu 3.5 yana zaidi ya miligramu 2,000. Chini ya miguu yetu ni matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kisimani. Visima vya Pwani tayari vinaingiwa na bahari kwa sababu ya kuvutwa maji kupita kiasi. Mnazi unaweza kustahimili chumvi kidogo, lakini mwembe na maharagwe haviwezi. Nyumba kumi za kukodisha kwenye mtaa mmoja, kila moja ikimwaga upande wa jirani, ni jambo linalohitaji kuzungumzwa kabla visima havijabadilika ladha, si baadaye.

Anayeshika asidi ni nani

Narudi kwa yule kijana, na kwa wenzake. Tembea kwenye nyumba za wageni kutoka Diani hadi Malindi uulize nani anatunza kidimbwi. Mara nyingi utaonyeshwa mtu ambaye pia ndiye mlinzi wa mchana, mkata nyasi na mbeba mizigo ya wageni. Alifundishwa na aliyemtangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia yeye. Kipimo chake cha asidi ni kikombe, na kinga yake ni kugeuza uso upepo unakotoka.

Mambo anayotakiwa kuyajua si mengi. Asidi na klorini hazikutani kamwe, si kwenye ndoo, si kwenye kikombe, si kwenye rafu moja, kwa sababu zikikutana hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na vyumba vingi vya pampu viko chini ya ardhi. Asidi humiminwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi ndani ya asidi. Aliyevuta gesi atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali hata akijihisi mzima, kwa maana mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa ya kuzuia gesi ni vifaa vya kazi, kama jembe kwa mkulima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na haisemi kwamba kibarua wa siku ni mtu wa aina nyingine. Mwajiri anayesema “ni chumvi tu” anaijua gharama anayoikwepa.

Kaunti nazo ziamke

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliziachia kaunti huduma za afya pamoja na maeneo ya burudani na starehe. Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zinatoza leseni za biashara kwa nyumba hizi. Basi zinaweza kudai mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, kila kidimbwi kinachotumiwa na wageni wanaolipa kiwe na ubao ukutani unaoonyesha klorini na pH ya siku hiyo, na saa vilipopimwa. Karatasi za kupimia si ghali, na mzazi yeyote anaweza kuuona ubao. Pili, afisa wa afya ya umma anapokuja kukagua jiko, aingie na chumba cha pampu: aangalie ndoo, rafu, glavu, na mahali maji machafu yanapoelekea. Tatu, neno “hakina kemikali” lisikubaliwe kwenye tangazo la kidimbwi chochote chenye seli ya chumvi, kwa sababu si kweli.

Na sisi wateja tuna maswali yetu ya kuuliza kabla ya kulipa. Klorini ya leo ni ngapi? Stima ikipotea mnafanyaje? Nani anatunza maji haya, na amefunzwa wapi? Mwenye nyumba anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Anayejibu “usijali, ni chumvi” amekupa jibu pia.

Wahenga walituambia ukiona vyaelea, vimeundwa. Maji ya buluu yanayong’aa kwenye picha yameundwa na mtu aliyeamka alfajiri na kikombe cha asidi mkononi. Kijana wetu amerudi kazini, kwa maana kazi ni adimu na msimu umekaribia. Glavu na miwani alinunuliwa na mama yake. Nyumba ile bado inatangazwa, na tangazo halijabadilishwa hata neno moja.